Kabla Mkono Haujainuka

Somo: Mwanzo 4:3–15

Wapendwa, tukisoma habari za Kaini tunakimbilia aya ya 8, kule uwandani alikomwua Habili, mdogo wake. Mungu alianza mapema zaidi, aya ya 6, Habili akiwa bado hai: "Kwa nini una ghadhabu? Na kwa nini uso wako umekunjamana?"

Mtoto wa miaka 2 au 3 anayempiga, kumfinya au kumng'ata mdogo wake naye huanzia usoni. Hukunja uso, hukaza meno, humsogelea kwa nguvu. Mara nyingi ni mama anaponyonyesha, wageni wanapomsifu mchanga, au njaa na usingizi vinapombana. Hapo ndipo pa kuingilia. Unaponyonyesha, mketishe ubavuni. Mtume alete nepi. Mshike mkono umwonyeshe kumpapasa mdogo wake mguuni, si kichwani, maana utosi wa mchanga bado ni laini. Na usiwaache wawili hao peke yao, hata kwa muda wa kwenda kutazama sufuria jikoni.

Akishapiga, mbebe kwanza aliyeumia. Kisha chuchumaa macho yenu yalingane, zuia mkono wake, sema kwa ufupi: "Hapana. Kupiga kunaumiza." Mahubiri marefu hayamwingii. Ila mtajie kilichomsukuma: "Ulitaka mama akubebe." Akae kando yako dakika 2 au 3 mpaka atulie, ndipo alete kitambaa cha maji baridi mumkande mwenzake pamoja. Kumlazimisha aseme "samahani" huku bado anapiga mayowe kunampa neno tupu.

Wengi huharibu kwa kofi. Mtoto anapigwa ili asipige, naye anajifunza kwamba mwenye nguvu humpiga mdogo. Wengine humwambia, "Wewe ni mkubwa, vumilia." Jamani, miaka 3 si ukubwa! Anachosikia ni kwamba amenyang'anywa mapaja ya mama kwa sababu ya yule mdogo.

Kaini aliadhibiwa kweli, ardhi ikamnyima mazao. Lakini aya ya 15 Bwana yuleyule anamtia alama ili asiuawe. Basi mtoto akishatulia, mpakate naye pia, saa ileile, wala usimwite "mkorofi" mbele ya majirani. Atarudia kesho na keshokutwa. Jibu liwe lilelile, la baba na la bibi pia. Jioni mnapoomba nyumbani, mtajeni kwa jina na jambo moja alilotenda kwa upole siku hiyo, hata kama ni kumfunika mdogo wake shuka.