Kuku wa mama mkwe ndiye aliyenichagulia kamera

Kila niliyemuuliza ninunue kamera gani ya kupigia wanyama alinipa jibu lilelile: nunua fulu fremu, yaani yenye kihisi kikubwa (kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga), hizo za kropu, zenye kihisi kidogo, ni za kujifunzia. Muuzaji wa Kariakoo alinipa jibu hilo kabla sijamaliza kumweleza ninapiga nini. Jamaa yangu wa picha za harusi hapa Arusha, mtu ambaye kazi yake naiheshimu sana, akanikandamizia: "Kaka, ukishika fulu fremu hurudi nyuma tena." Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mnyama anakuwa umbali gani.

Mimi ni dereva wa watalii. Serengeti huruhusiwi kuacha barabara ukamfuata mnyama porini. Chui wa Seronera akiamua kulala kwenye mgunga wa ng'ambo ya mto, basi umbali ni huohuo, upende usipende. Mwenzangu wa harusi anamwambia bwana harusi asogee hatua mbili, anasogea. Mimi nimwambie nani?

Lenzi nilikuwa nayo tayari, Nikkor 200-500mm f/5.6, niliuziwa na mgeni aliyechoka kuibeba (ina kilo mbili na ushee, namwelewa). Kilichobaki ni bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Nikaazima kwa jamaa wa harusi Nikon D750 yake, fulu fremu ya megapikseli 24, na dereva mwenzangu akanipa D500 yake, kropu ya megapikseli 20.9. Lenzi moja, bodi mbili, nikahamia uani kwa mama mkwe.

Nilimfunga kuku mweusi mguu kwenye mgomba wa mwisho kabisa, nikarudi nyuma hadi mlango wa jiko, kama hatua thelathini hivi. Mama mkwe akatoka na ungo wake, akatazama lile lilenzi, akamtazama kuku. "Mwanangu, huyo mbona hakimbii, unamvizia wa nini?" Nikamwambia ni kazi. Akaketi kwenye kigoda kuangalia kazi yenyewe, na wala hakuondoka tena.

Jua likiwa bado kali, nilipiga kwa D750, nikahamisha lenzi, nikapiga kwa D500. Kwenye kompyuta, kuku wa D500 amejaa vizuri, wa D750 yuko katikati ya uwanja na migomba kibao pembeni. Hilo nililitarajia. Kihisi cha fulu fremu ni milimita 36 kwa 24, na cha D500 ni kama 23.5 kwa 15.7, ndiyo maana 500mm pale inakupa picha ambayo kwenye fulu fremu ungehitaji 750mm. Wajuaji husema huko ni kukata tu, lenzi haikui. Sawa, haikui. Basi na mimi nikaikata ya D750 mpaka kuku wawe saizi moja. Katika zile megapikseli 24 nikabakiwa na kumi na kitu. Ile ya D500 bado ina 20 zake zote. Nikivuta jichoni, kwa D500 naona mkunjo wa ngozi kuzunguka jicho. Kwa D750 naona jicho.

Jamaa wa harusi nilipomwonyesha hakushtuka. "Subiri giza," akasema.

Nikasubiri. Magharibi, kuku keshajikunyata chini ya mgomba, nikapandisha ISO, ule wepesi wa kamera kwa mwanga, hadi 6400. Picha nzima ya D750 ilikuwa safi, na ya D500 ina chengachenga kwenye manyoya meusi, hakuna ubishi. Jamaa akaanza kucheka. Nikamwambia ngoja, tuikate kwanza ya kwako kuku alingane. Tukaikata. Chengachenga zikatokea, karibu sawa na zangu! Alivuta, akarudisha, akavuta tena. Sababu yenyewe si uchawi: ubora wa fulu fremu gizani unatokana na eneo kubwa linalopokea mwanga, zaidi ya mara mbili ya kropu. Ukikata picha, eneo hilo umelitupa. Unakuwa umelipia kihisi kikubwa ili utumie kipande cha katikati.

Hakukubali kushindwa. Akaleta telekonvata ya 1.4, kile kipande kinachokaa kati ya lenzi na bodi kuvuta mbali zaidi. Hapo 500mm inakuwa 700mm, vizuri, lakini f/5.6 inashuka kuwa f/8, yaani nusu ya mwanga imekwenda na maji, na ISO inapanda kufidia. Halafu fokasi ya D750 kwa f/8 inabaki kwenye pointi chache za katikati, nayo ikawa inahangaika kumtafuta kuku aliyelala. Aliyelala! Duma akikimbia itakuwaje? D500 ina pointi 153 zinazofika karibu kingo zote mbili za fremu, na inapiga picha kumi kwa sekunde. Mama mkwe akauliza kama sasa anaweza kumfungua kuku wake.

Siku moja tu ndiyo huwa namwonea jamaa wivu, nikiwa na wageni Hifadhi ya Arusha, kwenye mbega. Wako msituni, kivulini, nao mara nyingi wako karibu, wanajaza fremu bila kukata. Pale fulu fremu inashinda waziwazi, na weusi wa mbega unabaki weusi. Anayepiga misituni tu asinisikilize. Na mwenye hela za D850, fulu fremu nyingine ya Nikon, pia asinisikilize: ile ina megapikseli 45.7, hata ukiikata saizi ya kropu unabaki na 19. Au ununue lenzi ya 600mm f/4, ila kwa hela hiyo mimi napata kiwanja.

Saa saba mchana msibishane kabisa. Hewa ya mbugani inachemka, picha ya mbali inatoka kama imepigwa ndani ya maji, kamera yoyote ile. Kula chakula chako.

D500 haitengenezwi tena, nilipata iliyotumika kwa milioni mbili na kidogo, pamoja na betri. Uliza shata, lile pazia linalofunguka kila ukipiga picha, imepiga mara ngapi kabla hujatoa hela. Nikon waliipimia mara laki mbili. Tripodi kwenye gari ni usumbufu. Nilikata mguu wa jinzi kuukuu, nikashona ncha moja, nikajaza maharage, nikafunga nyingine kwa kamba, nalaza kwenye ukingo wa rufu na lenzi inatulia. Usijaze unga, unavuja hadi kwenye lenzi. Na kadi za kuhifadhia picha: D500 ina tundu la XQD, ambayo ni ya kasi zaidi, na la SD ya kawaida. Muuzaji atakwambia SD inatosha. Simba akiwa anakimbiza nyumbu, SD inakwama katikati huku simba anaendelea, kwa hiyo hela ya XQD itenge mapema, maana si ndogo.