Kidevu Changu Bado Kimelala

Jaribu kutamka "pole" bila kukutanisha midomo. Haiwezekani. Wala "mama", wala "bado", wala "shikamoo". Sikujua Kiswahili kinaidai midomo kiasi hicho mpaka siku ya nne baada ya upasuaji, mama alipopiga simu nikakuta maneno yaliyobaki kinywani mwangu ni "ndiyo", "asante" na "kesho". Tuliongea dakika ishirini kwa maneno hayo matatu. Kamera nilikuwa nimeizima kwa kisingizio cha mtandao.

"Jino gani hilo linalokunyima sauti siku nne?" aliuliza. Nilikuwa nimemwambia nimeng'olewa gego la mwisho.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekatwa mfupa wa taya, kwa hiari yangu na kwa akiba yangu ya miaka mitatu. Zile pembe mbili za taya zilizo chini ya masikio zilipunguzwa kwa msumeno, kisha kidevu kikakatwa, kikapunguzwa upana, kikafungwa upya kwa vibamba vya titaniamu na skrubu. Sikuwa mgonjwa. Wapo wanaokatwa taya kwa sababu meno hayakutani au pumzi inakatika usingizini, na hao ni habari nyingine kabisa. Mimi meno yangu yalikutana, nilitafuna vizuri, nililala vizuri. Nilitaka uso mwembamba. Bima yangu ya afya ilinijibu "hapana" kwa sentensi moja, na kwa kweli sikuona pa kubisha.

Taya lenyewe ni la upande wa baba. Shangazi analo. Mama akinikasirikia utotoni alikuwa akisema, "Usinikazie hilo taya la shangazi yako." Nilikua nalo bila kulifikiria sana. Lililonisumbua lilikuja huku ughaibuni, kazi ilipohamia kwenye mikutano ya video: saa sita kwa siku uso wako uko mbele yako kwenye kidirisha kidogo, na hakuna ndugu pembeni wa kukwambia uache ujinga. Mpweke akiwa na kioo, atakipa kazi.

Niseme kuhusu fomu niliyosaini kabla ya upasuaji, kwa sababu yote yaliyofuata yalikuwa yameandikwa mle.

Ndani ya mfupa wa taya la chini kuna mfereji mwembamba, na ndani yake unapita mshipa wa fahamu. Unaingilia nyuma, unatembea ndani kwa ndani chini ya mizizi ya magego, unachomoza mbele kwenye kitundu kilicho usawa wa magego madogo, halafu unatawanyika kwenye mdomo wa chini na ngozi ya kidevu. Hauchezeshi msuli wowote. Kazi yake ni kuhisi tu. Daktari alinichorea haya yote nyuma ya karatasi, na akachora mstari wa msumeno ukipita milimita chache chini ya kitundu. Alisema hata msumeno usipougusa, kule kuusogeza kando ili apate nafasi ya kufanya kazi kunatosha kuulaza. Fomu ikasema hisia zinaweza kupungua "kwa muda au moja kwa moja". Nilisikia "kwa muda".

Lugha ya fomu ile si ngeni kwangu. Naifanyia kazi, naigombania kodi na mwenye nyumba, nimeshaiota usingizini. Lakini kuombea likizo ni kitu kimoja, kuusainia mwili wako ni kitu kingine. Nesi aliniuliza kama nataka mkalimani, bila malipo, nikajibu hapana kwa haraka ya mtu aliyetukanwa. Laiti ningekaa na mtu anisomee lile neno "au" kwa Kiswahili, polepole. Labda ningesaini vilevile. Lakini ningekuwa nimelisikia.

Swali moja nililouliza vizuri ni nani hasa atakayeshika msumeno, na kama atakaa chumbani mpaka mwisho. Hilo nililipata kwa kusoma habari za Korea Kusini, nchi inayotajwa sana kwenye upasuaji huu. Mwaka 2016 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu huko alivuja damu nyingi kwenye upasuaji wa taya huku daktari wake akihudumia wagonjwa wengine wakati huohuo. Akapoteza fahamu na kufariki wiki kadhaa baadaye. Mama yake aliipata video ya kamera za chumba kile na hakunyamaza. Tangu Septemba 2023 sheria ya nchi hiyo inataka kamera kwenye vyumba ambamo wagonjwa wanapasuliwa wakiwa na nusukaputi. Nilipouliza, daktari wangu hakukasirika. Angekasirika ningeondoka.

Niliamka nikidhani wamekosea wamenipasua pua. Mrija wa kupumulia ulikuwa umepitishwa puani, maana mdomoni ndimo walimokuwa wakifanyia kazi, na pua ilitoa damu usiku kucha. Mikato yote ilikuwa ndani, kwenye mkunjo kati ya fizi na shavu. Hilo nililifurahia: makovu manene yanayoota kama nyama huwapata zaidi watu wenye ngozi kama yangu, na mimi ninalo moja sikioni tangu nitogwe. Kinywani hayaoti kirahisi hivyo.

Hospitali haikuniachia niondoke mpaka aje mtu mzima wa kunisindikiza. Hapa ndipo ughaibuni unapokuonyesha hesabu yako. Nilipitia majina yote kwenye simu. Nusu yao nisingetaka wajue, nusu walikuwa zamu. Aliyekuja ni mpangaji mwenzangu wa chumba cha pili, mwanamke wa bara jingine kabisa, ambaye kabla ya hapo tulikuwa tukigombania zamu ya kutoa taka. Alinitegea kengele za dawa kwenye simu yake mwenyewe, akawa anaamka saa nane za usiku kunigongea mlango. Hakuniuliza hata mara moja kwa nini nimefanya vile. (Taka sasa natoa mimi, wiki zote.)

Uvimbe haufiki kileleni siku ya kwanza. Hufika siku ya pili au ya tatu, wakati umeshajipongeza kwamba umepona. Siku ya tatu simu yangu ilikataa kunitambua na kunidai namba ya siri. Damu iliyovilia ilishuka kutoka taya hadi shingoni, kisha kifuani, kwa sababu nayo hufuata mteremko. Nililala nimeegemea mito, nusu nimekaa, nusu nimekata tamaa. Barafu siku mbili za kwanza, baadaye kitambaa cha uvuguvugu. Chakula kilipita kwa sirinji isiyo na sindano pembeni mwa mdomo, maana mrija wa kunywea ulikatazwa, kuvuta kunaweza kufumua mshono. Udenda ulitoka bila kuniaga. Nilikuwa najua nimelowa nikiona fulana.

Wiki ya pili nililia sana na sina cha kusimulia zaidi ya hapo. Dawa za kupunguza uvimbe zilikuwa zimeisha ghafla mwilini, njaa ilikuwepo, na kwenye kioo alikuwepo mtu ambaye hakuwa mimi wa zamani wala yule niliyemlipia. Baadaye nilisoma kwamba huzuni ya kipindi hicho ni ya kawaida baada ya upasuaji wa uso. Ningependa kuambiwa kabla.

Sasa usaha.

Karatasi niliyopewa ya kwenda nayo nyumbani ilisema: ukiona wekundu, piga simu. Kila asubuhi nilisimama mbele ya kioo kutafuta wekundu, na kila asubuhi sikuuona. Ngozi yangu haigeuki nyekundu. Ikikasirika huiva, inakuwa nyeusi zaidi, kama zambarau, na kwa wiki nne uso mzima ulikuwa na rangi hiyo tayari. Wiki ya tano upande wa kushoto ulianza kuvimba upya, ukawa na joto, na kinywani nikapata ladha ya chumvi iliyooza. Nilipiga simu. Wakaomba picha, nikatuma. Nesi akanijibu kwa upole kwamba haoni wekundu, nisubiri. Nikasubiri, maana mgeni huwa hataki kuonekana msumbufu. Baada ya siku mbili nilikuwa na homa na mdomo haukufunguka zaidi ya upana wa kidole kimoja. Mtu mzima kwa kawaida huingiza vidole vitatu.

Dharura walinipasulia ndani ya shavu, wakatoa usaha, wakaosha, wakanilaza na dripu ya antibiotiki. Daktari wa zamu, kijana, ndiye wa kwanza kuniwekea mgongo wa mkono wake shavuni badala ya kuniangalia. Joto halina rangi. Kama ngozi yako ni kama yangu, acha kutafuta wekundu: linganisha joto la upande huu na ule, angalia uvimbe uliokuwa umeshuka kisha ukapanda tena, na usiyapuuze maumivu yaliyoondoka yakarudi. Na ukiambiwa picha haionyeshi kitu, nenda mwenyewe ukakae pale mapokezi. Niliandika barua ya malalamiko. Nilijibiwa kwamba maneno kwenye karatasi yatapitiwa.

Kibamba cha kushoto hakikuweza kutolewa siku ile kwa sababu mfupa ulikuwa haujaunga. Nilisubiri mpaka mwezi wa tano baada ya upasuaji, picha ya CT ikaonyesha umeshika, nikarudi kwenye nusukaputi mara ya pili. Cha kulia bado ninacho. Hakipigi kelele kwenye mashine za uwanja wa ndege, kwa wanaouliza. Kinachogoma ni lile lango linalosoma uso na kuulinganisha na pasipoti. Limenirudisha mara mbili kwa ofisa, ambaye hutazama picha, hunitazama mimi, hutazama picha.

Ganzi nimeiacha mwisho kwa sababu yenyewe haijaisha.

Upande wa kulia ulianza kuamka mwezi wa pili. Hauamki kwa upole: unachoma, unawasha, unapiga shoti kama waya uliochunika, na daktari anafurahi ukimweleza hivyo, maana mshipa uliokufa haulalamiki. Nyuzi za mshipa wa fahamu hukua takriban milimita moja kwa siku, mambo yakienda vizuri. Alinipima kwa pamba, kisha kwa ncha mbili, nimefumba macho: moja au mbili? Upande wa kulia nilipatia. Wa kushoto nilibahatisha, tena nikijifanya nafikiri.

Ni mwezi wa kumi na tisa sasa. Kuna sehemu upande wa kushoto, kutoka pembe ya mdomo hadi kidevuni, ukubwa wa alama ya dole gumba, ambayo si yangu. Mdomo unacheza sawasawa na ninazungumza kama zamani. Ila nikila napangusa kidevu kila baada ya tonge, kuwe na kitu kusiwe na kitu. Nimeshajiunguza kwa chai nikagundua kwa lengelenge. Nimejing'ata nikaona damu kwenye kikombe. Mengine siyaandiki, ndugu ni wengi.

Na uso? Umekuwa mwembamba, ndiyo. Kwenye picha za pembeni naupenda, siwezi kudanganya. Chini ya taya ngozi imelegea kidogo, kwa sababu mfupa ulipunguzwa na ngozi haikuambiwa. Kazini hakuna aliyegundua. Mmoja aliniuliza kama nimebadilisha mtindo wa nywele.

Nyumbani nilifungua kamera mwezi wa saba. Mama alitazama, akasema nimekonda, akaanza kulaumu baridi. Shangazi alikuwa amemtembelea siku ile. Aliichukua simu, akaisogeza karibu hadi nikawa naona jicho moja na nusu ya taya lake, akakaa kimya muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Hilo taya umelipeleka wapi?"

Nikamwambia yote, fomu, usaha, ganzi. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali la "kwa nini", nilikuwa na majibu matatu tayari. Hakuliuliza. Aliuliza vile vipande vilikwenda wapi.

"Vipande gani, shangazi?"

"Walivyokata. Walikupa?"

Sikujua. Nilikuwa nimeuliza kuhusu msumeno, kuhusu skrubu, kuhusu gharama ya kila kitu, na swali hilo halikuwahi kunijia. Nikamwahidi nitauliza.

Niliuliza. Vilitupwa pamoja na taka za hospitali na kuchomwa, wiki ileile. Shangazi hunipigia karibu kila Jumapili, na kabla ya kuaga hukumbushia. Namjibu "kesho", neno ambalo nililizoea wakati ule midomo ilipokuwa haikutani.