Hundi haiko njiani tena

Waswahili wengi walioko Marekani bado wanarithishana mtindo wa zamani: andika hundi ya kodi ya nyumba leo, mshahara utaingia keshokutwa, hundi itakuwa bado iko njiani. Mtindo huo umekufa. Mwenye nyumba anaipokea asubuhi, anaipiga picha kwa simu akiwa bado amesimama mlangoni, na usiku huohuo inaweza kuwa imefika benki yako. Salio likiwa pungufu, hundi inadunda, unatozwa faini na benki, na mwenye nyumba anakutoza ya kwake.

Zamani karatasi yenyewe ilikuwa lazima isafiri. Ilitoka benki ilikowekwa, ikapangwa na mashine, ikafungwa kwenye mifuko na kupakiwa kwenye lori au ndege ya usiku hadi benki iliyotakiwa kulipa. Septemba 2001, baada ya mashambulizi ya New York na Washington, ndege zilizuiwa kuruka na mifuko ya hundi ikabaki chini. Benki zilizopokea zilikuwa zimeshahesabiwa pesa, zile za kulipa zilikuwa bado hazijaziona hundi, na ndani ya siku chache pengo hilo kwenye vitabu vya Federal Reserve, benki kuu ya Marekani, lilipita dola bilioni 40. Bunge likatunga sheria iitwayo Check 21. Rais George W. Bush aliisaini Oktoba 28, 2003, nayo ikaanza kutumika Oktoba 28, 2004.

Watu husema sheria hiyo ililazimisha benki kupokea picha za hundi. Sivyo. Ililazimisha kupokea karatasi nyingine, yaani hundi mbadala, nakala iliyochapwa kutokana na picha ya mbele na nyuma ya hundi halisi, yenye nguvu ileile kisheria. Utaitambua kwa maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba hii ni nakala halali ya hundi yako na unaweza kuitumia kama ungetumia ile ya awali. Wazo lilikuwa rahisi: tuma picha kutoka Seattle hadi Miami, kisha chapa karatasi hukohuko Miami kwa benki isiyotaka picha. Muda si mrefu benki zikaona hakuna haja ya kuchapa. Vituo vya Federal Reserve vya kushughulikia hundi vilikuwa 45 mwaka 2003, na mapema 2010 kilibaki kimoja. Sheria ya karatasi ndiyo iliyoimaliza karatasi.

Turudi kwenye pesa yako inayotoka. Mashine haisomi tarehe uliyoandika. Inachosoma kwanza ni ule mstari wa chini wenye wino wa sumaku: tarakimu tisa za benki, namba ya akaunti, namba ya hundi. Halafu inasoma kiasi kwenye kisanduku. Kwa hiyo kumpa mtu hundi leo ukaiandika tarehe ya Ijumaa ijayo hakukulindi. Kanuni za biashara, ambazo zinafanana karibu majimbo yote, zinairuhusu benki kuilipa kabla ya tarehe hiyo, isipokuwa kama umeipa benki taarifa mapema ukitaja hundi ile kwa namba, kiasi na jina la mlipwaji. Kumnong'oneza mpokeaji "usiiweke kabla ya Ijumaa" ni kumwomba fadhila tu.

Kiasi nacho kina mtego wake. Kisheria, maneno yakipingana na tarakimu, maneno ndiyo yanayoshinda. Lakini mashine huanza na tarakimu. Ukiandika 150.00 kwenye kisanduku na "One hundred five" kwenye mstari, yaelekea utakatwa 150, kisha ndipo uanze kudai 45 zako. Andika kwa kalamu nyeusi ya jeli. Wino wake hunywea kwenye karatasi, na wezi wanaoiba barua na kuosha hundi kwa dawa hupata shida kuufuta. Wino mwekundu au wa rangi hafifu huweza kupotea kabisa kwenye picha.

Kusimamisha hundi sasa ni mbio. Ukigundua umekosea, piga simu saa hiyohiyo, usingoje kesho. Katika majimbo mengi agizo la mdomo linadumu siku 14, la maandishi miezi sita, na benki hutoza ada. Uwe na namba ya hundi na kiasi kamili mpaka senti, kwa sababu kompyuta hulinganisha hivyo vitu viwili, na kiasi kikipishana kidogo hundi inaweza kupita. Kuna pia maduka na kampuni za bili ambazo hazitumii hundi yako kama hundi. Wanachukua namba za chini na kuikata akaunti kwa malipo ya kielektroniki. Dukani utarudishiwa karatasi yako ikiwa imebatilishwa. Malipo ya namna hiyo yana kanuni zake, na makosa yake unayaripoti ndani ya siku 60 tangu benki ikutumie taarifa ya akaunti.

Hundi halisi uliyoandika hutaiona tena. Utaona picha kwenye taarifa ya mwezi au kwenye programu ya benki. Kama ushahidi wa malipo inatosha, na kanuni zinataka nakala iweze kupatikana kwa miaka saba. Ila angalia picha hizo kila mwezi, mbele na nyuma. Mtu akighushi saini yako mara ya kwanza ukakaa kimya zaidi ya siku 30 baada ya kupewa taarifa, zile anazoendelea kughushi baadaye zinaweza kuwa hasara yako. Ukipitisha mwaka mzima, hata ile ya kwanza huwezi kuidai tena, na mikataba ya benki nyingine hufupisha muda huo zaidi. Ikiwa ulichopewa ni hundi mbadala yenyewe, karatasi mkononi, na ulikatwa kimakosa, una siku 40 za kudai. Benki isipomaliza uchunguzi ndani ya siku 10 za kazi inapaswa kukurudishia hadi dola 2,500 pamoja na riba, na kinachobaki ifikapo siku ya 45. Haki hii haiji na picha ya kwenye programu. Hilo wengi hawaambiwi.

Sasa pesa inayoingia, ambako malalamiko ni mengi na yana haki. Kama benki inaikata hundi kwa usiku mmoja, kwa nini ya kwangu inazuiliwa siku saba? Kwa sababu kanuni za kuzuia pesa zina saa yake, na saa hiyo haijaharakishwa kama mashine zilivyoharakishwa.

Tuseme umelipwa hundi ya kawaida ya dola 1,800, ukaipeleka dirishani Ijumaa saa kumi jioni. Benki inaruhusiwa kuifunga siku yake saa nane mchana tawini, na saa sita mchana kwenye mashine ya ATM. Kama yako imefunga saa nane, hundi yako inahesabiwa ya Jumatatu. Jumanne upate dola 275 za kwanza, kiwango kilichoanza Julai 2025 (kabla ya hapo zilikuwa 225). Zilizobaki 1,525 zipatikane Jumatano. Hicho ndicho kima cha chini kisheria, na benki nyingi hutoa mapema zaidi kwa mteja wanayemjua. Ungeifikisha saa saba na nusu Ijumaa ileile, ungekuwa na zote Jumanne.

Hundi ikiwa kubwa mambo hubadilika. Kwa siku moja ya kuweka, kinachozidi dola 6,725 kinaweza kushikiliwa hadi siku ya saba ya kazi. Ukiweka 9,000 utapata 275 siku ya kwanza, 6,450 siku ya pili, na 2,275 ndizo zitakazosubiri. Sababu nyingine za kushikilia ni hundi iliyokwisha kudunda mara moja ikarudishwa tena, akaunti inayoingia hasi mara kwa mara, au benki kuwa na sababu ya maana ya kushuku. Kila mara ikishikilia kwa sababu hizo, inatakiwa ikupe notisi ya maandishi yenye sababu na siku ambayo pesa itapatikana. Dai karatasi hiyo. Akaunti isiyofikisha siku 30 ina masharti makali zaidi, kwa hiyo aliyetua juzi asipange kulipa kodi ya mwezi wa kwanza kwa hundi aliyoiweka jana. Hundi ya benki, ile inayotolewa na benki yenyewe dhidi ya pesa zake, ikiwekwa dirishani kwa mhudumu, kwenye akaunti ya aliyeandikwa jina, kwa kawaida hupatikana siku ya kazi inayofuata. Ukiitia kwenye ATM unapoteza faida hiyo.

Kuweka kwa simu ni jambo la mkataba wako na benki, na kikomo cha kila siku huwa kidogo kuliko dirishani. Weka hundi kwenye meza ya rangi nyeusi, mwanga usitoke nyuma yako kivuli kikaangukia namba za chini, na inyooshe mikunjo. Saini nyuma, na chini ya saini andika "For mobile deposit only" (yaani ya kuwekwa kwa simu tu) pamoja na jina la benki yako. Maneno haya si urembo. Tangu Julai 2018, hundi isiyo na maneno hayo ikipigwa picha kwenye benki moja kisha ikapelekwa karatasi kwenye nyingine, hasara hurudi kwa benki iliyopokea picha, ndiyo maana yako inakataa picha isiyo nayo. Usiichane papo hapo. Ihifadhi kwa muda unaotajwa kwenye mkataba, iandike "imewekwa" usoni, ndipo uiharibu. Mara nyingi hundi inayowekwa mara mbili si ya mwizi: mume ameipiga picha, mke ameikuta juu ya friji akaipeleka tawini.

Hatari kubwa zaidi ya kasi hii ni neno moja kwenye programu: "available". Maana yake benki imekuruhusu kutumia, basi. Halisemi hundi imelipwa. Benki iliyotakiwa kulipa ina mpaka saa sita usiku ya siku ya kazi inayofuata baada ya kuipokea ili iirudishe. Hundi bandia yenye namba za benki zilizochanganywa kwa makusudi huweza kuzurura kwanza kwa benki isiyohusika, na wiki kadhaa zikapita. Ikirudi, benki yako inachukua pesa yote kwako, hata kama umeshaitumia. Matapeli wanaishi ndani ya mwanya huo. Wananunua gari lako lililotangazwa mtandaoni, wanakutumia hundi ya benki iliyozidi bei, wanasema zilizozidi mtumie mtu wa usafirishaji kwa Zelle, huduma ya kutuma pesa papo hapo. Au wanakuajiri kazi ya kukaa na mzee na kukutumia pesa ya kununua vifaa kabla hujaanza. Mteja halali hana sababu ya kukulipa zaidi ya anachodaiwa kisha aombe chenji.

Ukipokea hundi ya benki kutoka kwa mtu usiyemjua, piga simu benki iliyoandikwa kabla ya kuiweka. Namba ya simu itafute mwenyewe kwenye tovuti ya benki, usitumie iliyochapwa kwenye hundi, maana tapeli anayechapa hundi hashindwi kuchapa namba ya mwenzake. Waulize kama wametoa hundi yenye namba ile, kwa kiasi kile, kwa jina lako. Wakisema hawaijui, usiiweke wala usimrudishie aliyekupa. Iripoti kwa benki yako.