Tumestaafu kulima, eti

Juzi usiku mvua ya vuli imetushukia hapa Magu. Kulipokucha mzee wangu ameshatoka, jembe begani, kana kwamba hatukukubaliana mwaka jana kuwa tumestaafu kulima. Shamba la pamba tumewaachia watoto. Sisi tumebaki na kibustani nyuma ya nyumba, basi.

"Naenda kuangalia tu, mama."

Mtu anaenda kuangalia na jembe?

Saa nne nikamkuta amepiga matuta mawili, amekaa juu ya la tatu anajikanda kiuno. Sikusema kitu. Nilimpa chai na matobolwa, viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, yale yaliyokauka sawasawa mpaka yananata menoni. Meno yenyewe yamebaki ya kuhesabu, ila ukimwambia hivyo ananuna. Michembe nayo, viazi vilivyokaushwa vibichi, inaelekea ukingoni, gunia limebaki robo.

Jioni upepo wa ziwani ukatuletea wale wadudu wadogo, wingu zima. Tukazima taa, tukala ugali wa muhogo na dagaa gizani, tukipapasa sahani. Katikati ya tonge akaniuliza marando ya viazi tutayapata kwa nani.