Hisa zangu za teknolojia: hatimaye safu ya "nani anamlipa nani" imekubali

Lahajedwali limetema jibu, na jibu lenyewe halipendezi: kampuni nilizoziona mbalimbali zinakula kutoka sufuria moja.

Kwa mgawanyo wa sekta kila kitu kilionekana salama. Chipu huku, programu kule, umeme pembeni. Lakini Januari 27, 2025, DeepSeek, kampuni ya akili bandia ya China, ilipotikisa soko, Nvidia, kampuni ya chipu, ilishuka takriban asilimia 17 kwa siku moja, karibu dola bilioni 600 za thamani ya soko, na wazalishaji umeme Vistra na Constellation wakaporomoka nayo. Chipu na umeme, wapi na wapi?

Basi nimefuta sekta zote. Safu ni moja tu: pesa ya kampuni hii inatoka mfukoni mwa nani? TSMC inatengeneza chipu za Nvidia. ASML inaiuzia TSMC mashine za EUV (zinazochora chipu kwa mwanga wa urujuanimno), ambazo hakuna mwingine anayezitengeneza. Constellation ina mkataba wa miaka 20 wa umeme na Microsoft. Fuata risiti, utaishia kwa wajenzi wale wale wa vituo vya data: Microsoft, Alphabet, Amazon, Meta.

Iliyonitoa jasho ni Microsoft. Inanunua chipu, inauza wingu (kompyuta za kukodi mtandaoni), inauza Office. Nikiiweka upande mmoja, nusu ya biashara yake inapotea. Nikiiweka kotekote, SUMIF, fomula ya kujumlisha kwa sharti, inaihesabu mara mbili. Na kipande chake kingine kimejificha ndani ya mfuko wa Nasdaq-100, unaoshika hisa za kampuni kubwa mia hivi kwa pamoja! Dawa imekuwa kuufumua mfuko kwanza hadi kampuni mojamoja, nijumlishe, kisha uzito wa Microsoft niugawe kwa vitengo vitatu inavyovitangaza kwenye ripoti zake. Jumla ikigoma kufika 100, seli inageuka nyekundu. Lile duara la rangi kwenye programu ya dalali wangu ni pambo tu, halifumui chochote.

Leo nilipanga kupunguza chipu. Nimeacha, maana nimenaswa na uchakavu, yaani gharama ya seva inavyogawanywa kwa miaka vitabuni: miaka ikiwa mingi, faida ya kila mwaka inaonekana kubwa. Mwaka 2025 Meta iliongeza umri wa seva zake vitabuni hadi miaka 5.5, Amazon ikashusha baadhi ya zake kutoka 6 hadi 5, ikitaja kasi ya akili bandia. Biashara ile ile, mbio zile zile, na kila mmoja na kalenda yake! Sasa naongeza safu nyingine: faida ya kila mjenzi kama seva zingehesabiwa miaka minne tu. Kuuza kutasubiri.