Ramani anayoisoma fundi wa nondo

Simu iliingia saa moja asubuhi, chai bado ya moto. "Injinia, hii nguzo ya C3 unataka isimame wapi? Ramani ya chini inasema hapa, ya juu inasema pale."

Nilipofika saiti, kule Rau, Moshi, nguzo ya chini ilishamwagwa zege na nondo zake zimechomoza juu ya slabu. Kwenye ramani ya ghorofa ya kwanza nguzo hiyohiyo ilikuwa imehama milimita 200. Kosa lilikuwa langu. Msanifu aliomba isogezwe ili apate nafasi ya mlango, mimi nikarekebisha mchoro wa juu na kuusahau wa chini. Tukamalizana kwa kuiacha nguzo ilipo na kuhamisha mlango. Mwenye jengo hakufurahi, na sikumlaumu.

Siku zile nilichora kila kitu kwa AutoCAD, programu ya kuchorea, mistari mitupu, na mstari haujui kwamba kuna nguzo juu yake. Baada ya C3 nikahamia kwenye modeli, yaani jengo zima linajengwa kwanza ndani ya kompyuta. Ndani ya Revit, programu ya modeli, nguzo ni nguzo: ukiisogeza mara moja, inasogea kwenye ramani ya msingi, ya ghorofa na kwenye sekisheni zote, ile michoro inayoonyesha jengo kama limekatwa.

Ila mwanzoni nililewa. Jengo la kwanza la modeli, la ghorofa tatu, niliingiza kila nondo na kila ringi inayozifunga nondo pamoja, hadi waya wa kufungia ningeuweka kama ningeweza. Kompyuta yangu ya RAM GB 8 ikawa inazunguka kama gurudumu lililonasa kwenye tope, na umeme ukikatika nilikuwa narudia kazi ya nusu saa. Wiki tatu zikaenda. Nikapeleka saiti ramani nzuri za kupendeza, na fundi wetu wa nondo, mzee wa Kibosho aliyefunga nondo tangu mimi sijaanza shule, akaniuliza swali moja tu: "Hapa bimu mbili zinapokutana juu ya nguzo, nondo za ipi zinapita juu ya za ipi?" Hilo sikuwa nimelionyesha.

Swali lile ndilo lililonipa utaratibu ninaoutumia hadi leo. Umbo la jengo lote naliweka kwenye modeli: gridi, usawa wa kila ghorofa, msingi, nguzo, bimu, slabu, ngazi. Nguzo zinakatwa ghorofa kwa ghorofa, kwa sababu ndivyo zinavyomwagwa. Nondo naziweka sehemu zile tu ambazo mzee atauliza: makutano ya bimu na nguzo, ngazi, na slabu inayoning'inia nje ya ukuta. Kwingine jedwali la nondo, lenye idadi na urefu wa kila kipande, linatosha. Makutano siyafanyii mzaha. Huku hatuko mbali na Bonde la Ufa, na Julai 2007 ardhi ya Gelai, karibu na Ziwa Natron, ilitetemeka hadi watu wa Nairobi wakaisikia. Ringi kwenye ncha za nguzo nazibana kila milimita 100 na katikati naziachia 200. Kabla ya kuchapa, naigeuzageuza ile modeli nione kama kweli nondo zote zinaingia kwenye upana ule na zege likapata pa kupita. Mara nyingi haziingii. Bora nigundue hivyo mezani.

Faida kubwa zaidi niliipata mahali ambapo sikuitegemea, kwenye jedwali. Jengo lilikuwa na nguzo 18, kila moja ina nondo 6 za milimita 16. Msanifu aliweka mita 3.4 kutoka sakafu hadi sakafu. Nondo inatakiwa ipishane na ya juu yake kwa mara 40 ya kipenyo, yaani milimita 640, kwa hiyo kila kipande mita 4.04. Nondo ya dukani ni mita 12. Vipande vitatu vinadai mita 12.12. Sentimita 12 tu zimepungua! Unabaki na vipande viwili kwa kila nondo na kimabaki cha mita 3.92, ambacho kinatafutiwa kazi saiti mpaka kinaota miguu.

Nikampigia msanifu. "Kaka, naomba unipunguzie sentimita 10 kwenye kila ghorofa." Akacheka, akadhani natania. Nilipomtumia hesabu alikubali siku hiyohiyo. Kwa mita 3.3, kipande kikawa mita 3.94, na vitatu vinatoka kwenye nondo moja vikiacha sentimita 18. Nondo 108 za ghorofa moja zikatoka kwenye nondo 36 badala ya 54. Nondo ya milimita 16 ina uzito wa karibu kilo 19, kwa hiyo tuliokoa kilo 340 hivi kwa kila ghorofa yenye maungio. Kwa mistari ya AutoCAD nisingeiona hesabu hiyo mpaka nondo ziwe zimeshanunuliwa. Mzee naye akaongeza lake: "Umezipima za dukani?" Tukaenda na tepu. Mafungu mawili yalitimia, la tatu lilikuwa fupi, tukalikataa.

Ngazi nazo zilinifundisha kutenganisha usawa wa zege na usawa wa sakafu iliyokwisha. Nyumba ile ilikuwa na vipandio 20 vya milimita 165. Sakafu inapata plasta na vigae, jumla milimita 50, lakini kipandio kinapata 30 tu. Ukitaka mpandaji asijikwae siku ya mwisho, zege la kipandio cha kwanza lazima liwe na kimo cha 185, vya kati 165, na cha mwisho 145. Mzee alipoiona akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, ngazi gani hii, kwanza ndefu, mwisho fupi?" Nikachora vigae kwa kalamu juu ya sekisheni, mbele yake. Tangu hapo sekisheni ya ngazi inatoka na vigae vyake vimechorwa, hata kama si kazi ya mhandisi.

Faili za msanifu zina taabu yake. Faili la toleo jipya la Revit halifunguki kwenye la zamani, kwa hiyo tunakubaliana toleo siku ya kwanza. Tukishindwa, ananitumia IFC, faili la modeli linalosomwa na programu tofauti, naitumia kama kivuli cha kupimia, sijengi modeli yangu juu yake.

Ila modeli nzuri inaweza kuharibikia kwenye karatasi. Ramani zangu zinapangwa kwa A1, lakini saiti zinafika A3, kwa sababu A1 kwenye upepo wa mchana ni tanga la jahazi. A3 ni nusu ya A1 kwa urefu na upana, kwa hiyo kilichoandikwa 1:50 kinakuwa 1:100. Kijana mmoja aliwahi kupima kwa rula upana wa bimu akapata nusu, akakata mbao za fomu kwa kipimo hicho. Sasa kila karatasi ina mstari wa kipimo unaopungua pamoja na mchoro, na maandishi makubwa: SOMA NAMBA, USIPIME.

Na PDF za WhatsApp? Zilitutesa. Toleo A linabaki kwenye simu ya mmoja, B kwa mwingine, na zote zinaitwa "ramani mpya". Nikaacha kutuma kwenye kundi. Herufi ya toleo naiweka kwenye kona kubwa kama namba ya daladala, sehemu iliyobadilika naizungushia wingu, na karatasi mpya haitoki mkononi mwangu mpaka ya zamani irudishwe.

Wiki iliyopita nilipeleka toleo C la bimu za ghorofa ya pili. Mzee akaitoa B kwenye mfuko wa nailoni uliotundikwa msumarini, akaichana vipande viwili mbele yangu. Kimoja akanirudishia. Cha pili akakigeuza upande mweupe, akakiweka juu ya goti, akaanza kuandika idadi ya ringi za siku ile.