Mguu gani umembeba?

Tangu mfungo uishe nachora wahamaji wa jangwani kwa rangi za maji. Jangwani sijafika. Mchanga niujuao ni wa ufuo wa Shela, hapa Lamu, na mwalimu wangu ni picha moja ya mchoraji Mmarekani John Singer Sargent, aliyoichora katika safari yake ya Palestina na Syria mwaka 1905 na 1906. Sasa iko Brooklyn Museum, New York. Mabedui wawili, vilemba vya buluu, macho yanakutazama usoni. Nyuso kazitulizia mkono, lakini kanzu kazipitia kwa brashi chache zenye maji mengi, na bado unajua kwamba ndani ya nguo mna mabega.

Mabedui wangu walikuwa nguo zilizoanikwa kambani. Nilidhani kanzu pana itanipunguzia kazi ya kujua mwili, kumbe inaongeza. Mkunjo hauzuki tu; unashuka kutoka begani, unavutwa na kiwiko, unavunjika gotini. Usipojua goti liko wapi, mkunjo nao unapotea. Basi kila asubuhi nakaa gatini na penseli, nachora wapagazi wakishusha mifuko ya saruji: dakika mbili kwa mtu, kichwa mara saba na nusu kufikia urefu wake, kisha karatasi nyingine.

Kusi limeanza na unyevu wake. Karatasi nene, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, inakawia kukauka, na juzi buluu ya kilemba ikateremka mpaka shavuni. Nilishika kitambaa niifute, nikasita. Watuareg wa Sahara wana vilemba vya nili ambavyo huachia rangi kwenye ngozi ya mvaaji. Nikaiacha. Lile shavu ndilo pahali pazuri kuliko pote katika picha zangu zote.

Jana mama wa Kiorma anayetuletea maziwa kutoka bara aliinama juu ya meza.

“Mwanangu, huyu amesimama juu ya nini?”

“Juu ya mchanga, mama.”

“Mchanga nauona. Mguu gani umembeba?”

Sikuwa na jibu. Akatua madumu yake, akaomba ufagio wangu, akaniigizia baba yake alivyokuwa akisimama nyuma ya ng’ombe: fimbo imechomekwa kwapani, unyayo mmoja umepandishwa ukaegemea goti la pili, nyonga imesukumwa upande. Uzito wote ulishuka kwenye kisigino kimoja. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, kimya, akiangalia mlangoni kana kwamba mifugo iko pale nje, nami sikuthubutu kumwambia kwamba nimekwisha kumaliza mchoro.

Leo nimechora mguu huo peke yake, mara kumi na moja, mpaka adhana ya alasiri. Katika ule wa mwisho kidole gumba kimezama mchangani na kisigino kimetanuka. Kanzu na kilemba sijavigusa. Juu ya goti karatasi bado ni nyeupe.